Umbo Lililozidi Haja

Wageni wengi wanaofika Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, huteremka moja kwa moja hadi kwenye korongo la nguzo za udongo wakapige picha. Nguzo zinastahili picha. Lakini zilichongwa na maji na upepo, ambavyo havikukusudia chochote. Kilichokusudiwa kimelala chini: mashoka ya mawe yanayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Ningekuwa na wanafunzi wa uchongaji na siku moja tu ya kuwafundisha, ningewaleta hapa.

Sanaa dhahania ya jometri haiigi mtu wala mnyama. Mchongaji wake hushughulika na mstari, pembe, mpindo na uzito. Husemwa mara nyingi kwamba sanaa hii tuliletewa kutoka Ulaya katika karne ya 20. Siafiki, na mawe ya Isimila ndiyo ushahidi wangu.

Tazama lilivyotengenezwa shoka moja. Fundi alibandua pande kubwa la granaiti, kwatsi au mailonaiti, kisha akaligonga ukingoni kwa jiwe jingine, akiligeuzageuza. Hapo ndipo penye ugumu: kila pigo hubandua kigae upande wa chini, ule asiouona. Huwezi kupata pande mbili zinazolingana kwa kubahatisha. Ni lazima uwe na umbo zima akilini kabla halijatokea, ukumbuke upande uliofunikwa na kiganja, na ukadirie pigo la sasa litaacha ukingo gani kwa ajili ya pigo la tatu au la nne. Kigae kikishabanduka hakirudi. Mfinyanzi hukosea akaongeza udongo. Mchonga mawe hana pa kuongezea.

Mawe haya yaligunduliwa mwaka 1951, na mtafiti Clark Howell akafanya uchimbaji mkubwa mwaka 1957 na 1958. Lakini aliyeyasoma kwa jicho la jometri ni mwanaakiolojia Mmarekani, Thomas Wynn. Katika makala yake ya mwaka 1979 aliuliza jambo ambalo mchongaji yeyote angeliuliza: aliyelitoa umbo hili alikuwa anaelewa nini kuhusu nafasi? Akahitimisha kwamba fundi wa Isimila aliweza kuona uhusiano wa sehemu na jumla, na kulinganisha pande kwa akili, kwa uwezo usiopungua wa mtu mzima wa leo.

Wapo wanaopinga. Wengine husema shoka hulingana kwa sababu limenolewa tena na tena, wengine kwamba ulinganifu husaidia kukata. Hoja ya kwanza ina uzito. Ya pili hainishawishi, kwa kuwa majaribio ya kuchuna na kukata nyama kwa mashoka ya namna hii yameonyesha kwamba ulinganifu huongeza ufanisi kidogo mno. Tena Isimila yapo mashoka yanayokaribia urefu wa sentimita 40. Mkono gani ulihitaji ukubwa huo kwa kazi ya kila siku? Naona fundi aliendelea kugonga baada ya jiwe kuwa tayari kwa kazi, kwa sababu umbo lilikuwa bado halijamridhisha.

Kutofautisha kifaa na sanaa hakujawahi kuwa rahisi. Mwaka 1926 sanamu ya mchongaji Constantin Brâncuși, shaba nyembamba iliyong'arishwa hadi ikawa kama kioo, ilifika New York. Aliiita ndege, ila haina bawa wala mdomo. Maofisa wa forodha wakaitoza ushuru katika kundi la vyombo vya jikoni na hospitali, na kesi ikaisha mwaka 1928 kwa mahakama kukubali kwamba ni sanaa. Mwaka 2018, jumba la sanamu la Nasher mjini Dallas lilionyesha mashoka ya mawe ya kale kama sanamu, na Wynn alikuwa mmoja wa waandaaji. Ilichukua muda mrefu mno kwa kifaa cha kuchunia wanyama kupewa heshima ambayo ile shaba ya Brâncuși iliipata kwa miaka miwili.

Kung'arisha ni suala jingine, na hapo inafaa kuendelea na safari hadi Mbozi, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kuundwa mwaka 2016. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita tatu hivi na uzito wa zaidi ya tani 10. Takriban asilimia 90 ni chuma, na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli. Kwa nje ni donge lenye vishimo. Lakini chuma cha kimondo chenye nikeli kiasi hicho, kikikatwa, kikasuguliwa kwa msasa wa chenga kubwa hadi laini kabisa, kisha kikapakwa asidi, hutoa mistari iliyonyooka inayokatizana kwa pembe zilezile. Michoro hiyo huitwa kwa jina la Widmanstätten, aliyeiona Vienna mwaka 1808. Hutokea chuma kinapopoa taratibu kwa mamilioni ya miaka, fuwele za aina mbili zikijipanga ndani yake.

Hiyo ni jometri kamili, na haina mchongaji. Ndiyo maana nashauri jometri zote mbili, ya kimondo na ya mashoka, zitazamwe katika safari moja. Ukiwa Mbozi, tafuta pembe iliyokatwa kwa msumeno mwaka 1930 ili kupata sampuli. Ukiwa Isimila, usiishie kulitazama shoka usoni. Litazame kwa ukingo, ufuate mstari wa makali kutoka ncha hadi kitako, na uhesabu mahali mkono ulipobadili uamuzi.