SINDANO YA INSULINI: FAIDA YAKE NA MADHARA YAKE

Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutasoma namba.

Somo letu ni juu ya ugonjwa wa kisukari na dawa yake ya sindano iitwayo insulini. Huenda nyumbani kwako yuko mtu anayejichoma sindano hiyo kila siku. Huenda pia umesikia watu wakisema, "Sindano ile inaangusha watu, heri kuiacha." Ni kweli kwamba yaweza kumwangusha mtu. Lakini si kweli kwamba heri kuiacha. Tuone sababu.

INSULINI NI NINI?

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini, nayo insulini huitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini ili tupate nguvu. Wako wagonjwa ambao kongosho lao halitengenezi tena insulini. Hao wasipochomwa sindano, hufa.

Mnamo tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini, akiwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Dawa ilikuwa haijasafishwa vizuri, na pale alipochomwa pakafanya jipu. Je, waganga waliitupa dawa? La. Waliisafisha, wakamchoma tena tarehe 23 Januari, naye akapata nafuu. Aliishi miaka 13 zaidi. Nasi tufuate njia hiyo: tuyajue madhara ya dawa ili tuyazuie.

MAUDHI MADOGO

Mahali palipochomwa paweza kuwa pekundu, kuwasha au kuuma kidogo. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe. Mtu akichoma mahali pale pale kila siku, ngozi huvimba na kuwa na manundu, na dawa haiingii mwilini sawasawa. Basi abadilishe mahali: leo tumboni upande huu, kesho upande ule, au mapajani. Wengine huongezeka unene. Wengine macho huona ukungu siku za mwanzo, kisha hupona.

Lakini mgonjwa akivimba uso au akishindwa kupumua baada ya sindano, apelekwe hospitali mara moja. Jambo hili hutokea kwa nadra.

HATARI KUBWA: SUKARI KUSHUKA

Hili ndilo linaloangusha watu. Sukari hushuka mno kwa sababu nne:

1. Mgonjwa amechoma sindano, kisha amechelewa kula au hakula.
2. Amefanya kazi nzito kuliko kawaida, kama kulima kutwa nzima.
3. Amekunywa pombe, iwe rubisi, konyagi au nyingine, hasa bila chakula.
4. Amechoma dawa nyingi kuliko alivyoagizwa.

Dalili zake ni hizi: kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kusema ovyo kama mlevi. Mwisho wake ni kuzimia au kupata degedege, na mtu aweza kufa. Kwa hiyo usimcheke mgonjwa wa kisukari anayeyumba njiani ukadhani amelewa. Huenda sukari yake imeshuka.

Umsaidieje? Ikiwa yu macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu, mpe tena. Akishapata nafuu, ale chakula. Usianze na sahani ya ndizi na maharage, maana chakula hicho huchelewa kufika katika damu. Wala usimpe kahawa ya kutafuna. Hiyo ni heshima ya mgeni, haina sukari ya kumwokoa.

Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani, kisije kikamkaba. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, iwe Rubya au iliyo karibu zaidi.

TUSOME BOMBA LA SINDANO

Mwalimu, tafadhali chora ubaoni mabomba mawili ya insulini. Insulini hupimwa kwa yuniti. Bomba la kwanza ni la yuniti 50. Katika mabomba mengi ya namna hii, mstari mmoja ni yuniti 1. Bomba la pili ni la yuniti 100. Katika mengi ya hayo, mstari mmoja ni yuniti 2.

Tuseme mgonjwa ameagizwa yuniti 20. Alizoea bomba la kwanza, akihesabu mistari 20. Leo amepewa bomba la pili, naye anahesabu mistari 20 kama jana. Amechoma yuniti ngapi? Amechoma yuniti 40, yaani mara mbili! Hakufanya uvivu wala uzembe. Hakujua tu kusoma namba. Na hapo ataangushwa.

Basi shikeni neno hili: usihesabu mistari, soma namba. Na ukipewa bomba lisilo la kawaida yako, muulize mganga kabla ya kuchoma.

TUKUMBUKE

Insulini isiachwe bila amri ya mganga. Mgonjwa ale kwa wakati, na akienda shambani achukue sukari mfukoni. Awaeleze watu wa nyumbani dalili za hatari. Bomba na sindano asiazimane na mtu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu nne za sukari kushuka.
2. Jirani amezimia. Kwa nini hatumpi maji ya sukari?
3. Mgonjwa ameagizwa yuniti 30. Katika bomba ambalo mstari mmoja ni yuniti 2, ni mistari mingapi?

Jibuni kwa kuandika, kisha someaneni. Na aliye na mgonjwa nyumbani, leo jioni amsomee somo hili. Kwaherini.