Vyombo vya jikoni: Anza na vitatu vya maana, achana na seti ya vipande 12

UMEPATA bedsita yako ya kwanza. Godoro lipo, meko ya kilo 6 ipo, na ile sufuria moja uliyopewa na mama siku ya kuondoka nyumbani ndiyo inayopika chai asubuhi, ugali jioni, na sukumawiki baada ya ugali. Halafu siku moja ukiwa kwa matatu, simu inakuonyesha seti ya sufuria: vipande 12, rangi tamu, vifuniko vya kioo, bei imekatwa nusu. Kidole kinakuwasha.

Ngoja kwanza.

Mimi nilibonyeza. Seti ikaletwa hadi mlangoni, nikaipanga kwenye rafu na kuipiga picha. Mwezi wa tatu, ule utando mweusi wa ndani ukaanza kubabuka. Siku niliyoalika marafiki kwa pilau, mmoja wao alitoa kitu cheusi kinywani akidhani ni mdalasini. Haikuwa mdalasini. Muuzaji naye alikuwa ameshanifungia simu. Rahisi ghali, wazee walisema, na mimi nililipa karo ya somo hilo.

Kama unapenda kupika na mfuko wako si mzito, huhitaji vyombo vingi. Unahitaji vitatu vya maana: kisu, sufuria yenye kitako kizito, na kikaango cha chuma.

Kisu kimoja, si sita

Shika kisu dukani kama unayekata kitunguu. Angalia kama chuma chake kinaingia ndani ya mpini hadi mwisho. Kile kilichochomekwa juujuu tu kitalegea mapema. Kumbuka pia kwamba kisu butu ndicho hukata vidole, kwa sababu unakikandamiza kwa nguvu halafu kinateleza. Huna kinoo? Pindua kikombe cha udongo, kisha pitisha makali taratibu kwenye ule ukingo wa chini unaokwaruza. Katia kwenye ubao wa mbao au plastiki. Ukikatia kwenye sahani, unayaua makali.

Sufuria: pima kwa kidole gumba

Sufuria za alumini zina sifa yake. Hupata moto haraka, na bei yake haikuumizi. Shida ni zile nyembamba: wali unaungua katikati huku pembeni ungali mbichi. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba. Ukibonyea, rudisha. Iweke mahali tambarare. Ikiyumba hapo, itayumba hata kwa meko.

Kitu kingine: usilaze mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu ndani ya alumini. Asidi hula chuma na ladha hubadilika. Kwa mapishi hayo, sufuria ya stili ni bora. Ukiona imeandikwa 18/8 au 18/10, namba ya kwanza ni asilimia ya kromiamu na ya pili ni ya nikeli, madini yanayoisaidia isishike kutu. Beba sumaku ndogo uijaribu kwenye ubavu. Stili ya aina hiyo kwa kawaida haivuti sumaku, au huivuta kidogo tu. Ikinata kabisa, muulize muuzaji kwa nini anataka bei ya 18/10. Usipimie kwenye kitako, maana vitako vingine huongezwa chuma kinachovuta sumaku ili vifae majiko ya umeme.

Kikaango cha chuma

Kile kizito cha chapati kitakuzika wewe na kibaki kwa wajukuu. Kioshe, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta kidogo sana, kisha kiache kipate moto hadi kianze kutoa moshi. Rudia mara tatu au nne. Baada ya hapo hata yai halitang'ang'ania.

Na zile za utando usioshika chakula? Nunua moja ndogo ya mayai, utumie mwiko wa mbao, na usiiache tupu juu ya moto mkali. Utando huo huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi. Ukibabuka, chombo kimemaliza kazi yake.

Ununue wapi?

Kama uko Nairobi, anza na Kamukunji. Utasikia nyundo kabla hujaona karai. Hapo unaongea na fundi mwenyewe, na unaweza kumwambia akuongezee mikono au akubadilishie kifuniko. Lakini uliza bati limetoka wapi. Kama lilikuwa pipa, lilibeba nini? Kuwa makini zaidi na vyungu vizito vilivyoyeyushwa kutoka kwa vyuma chakavu. Utafiti katika nchi kadhaa za Afrika umepata madini ya risasi kwenye vyombo vya aina hiyo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama mwilini. Watoto ndio huumia zaidi. Hapa usiangalie bei pekee.

Gikomba na Toi, damka mapema. Kwenye mitumba unaweza kuangukia kisu cha chuma kizuri au kikaango kizito ambacho kipya hungekiweza. Pindua kila kitu, tikisa mipini, na uache chochote chenye utando uliokwaruzwa. Sufuria ya presha isiyo na mpira wake wala vali inayofanya kazi, usiiguse hata ukipewa bure.

Ndugu zangu wa Pwani, msemo wa kutouziwa mbuzi kwenye gunia unahusu hata mbuzi ya kukunia nazi. Ikalie kwanza pale pale dukani. Kama inayumba au meno yake yamelala, mwachie mwenyewe.

Dukani nako, tafuta alama ya ubora ya KEBS kwenye pakiti, na uitishe risiti. Bila risiti huna pa kurudi.

Gawa pesa vizuri

Tuseme una Sh5,000. Ukizigawa mara 12, unapata vitu 12 dhaifu. Nusu iende kwa sufuria, na inayobaki itafute kisu na kikaango. Zikikatika njiani, si neno: nunua kimoja mwezi huu, kingine mwezi ujao. Hakuna anayekukimbiza.

Na ile sufuria ya mama usiitupe. Imebonyea, imeungua kitako, na bado inapika kila siku. Ibebe kichwani mwako ukienda sokoni Jumamosi, na kila unachoshika ukilinganishe nayo.