Upanga Uliopewa Jina la Kinga

Mchezo wa upanga uliomo katika Olimpiki tangu mwaka 1896, ule ambao Waingereza huuita fencing, huonyesha watu wawili wakichomana kwa panga nyembamba, na ni rahisi kudhani kwamba jina lake lina maana ya kupigana. Sivyo. Neno hilo ni kifupi cha defence, yaani kinga, lililofika Uingereza kwa njia ya Kifaransa kutoka Kilatini. Fensi tunazozungushia nyumba zetu zimetoka katika shina hilohilo. Mwaka 1540 Mfalme Henry VIII aliwapa idhini walimu wa upanga wa London, nao wakajulikana kama Mabingwa wa Kujihami. Mwaka 1599 George Silver alitoa kitabu chake, Paradoxes of Defence, akiwashutumu walimu wa Kitaliano kwamba wanafunzi wao walijua kuua ila hawakujua kujiokoa. Kwa Silver, ufundi usiomrudisha mtu nyumbani mzima haukustahili kuitwa ufundi.

Yupo atakayesema kwamba jina hilo lilikuwa la kuificha damu, kwani tangu 1285 sheria ya Mfalme Edward I ilikataza shule za upanga mjini London. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Wafaransa huuita mchezo huu escrime na Waitaliano scherma, maneno yaliyotokana na shina la kale la Kijerumani lenye maana ya kukinga, shina ambalo leo limo katika neno la Kijerumani la mwavuli. Ni kweli kwamba Wajerumani wenyewe huuita Fechten, neno lenye nasaba moja na lile la Kiingereza la kupigana. Basi fikra ya kinga haikutawala kila mahali. Hata hivyo, haikuwa hila ya Waingereza peke yao.

Ushahidi mzito zaidi nauona katika kanuni za mchezo. Katika foili na kitara, aina mbili kati ya tatu za upanga wa mchezo huu, wawili wakigusana kwa pamoja, mwamuzi humpa pointi aliyetangulia kushambulia. Aliyeshambuliwa sharti kwanza alipangue au alikwepe shambulizi, ndipo apate haki ya kujibu. Ndivyo ilivyopasa kwa upanga wenye makali, maana anayechoma huku akichomwa hajashinda. Epee, aina ya tatu, ndiyo pekee huwapa wote wawili pointi. Ukiutazama mchezo huu tena, anza kwa kuutazama mkono unaopangua.