Mtazamo wa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza kuhusu Thamani ya Stadi za Taarifa

Stadi za taarifa ni uwezo wa kutambua hitaji la taarifa, kuitafuta, kuitathmini na kuitumia kwa uadilifu. Dhana hii iliasisiwa na Paul Zurkowski nchini Marekani mwaka 1974, na Azimio la Alexandria la mwaka 2005 likaihesabu kuwa haki ya msingi ya binadamu katika ulimwengu wa kidijitali. Licha ya hadhi hiyo, wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza huziona stadi hizi kuwa jambo dogo: aliyezoea kuperuzi kwa simu hudhani kwamba amekwisha kuzimudu.

Dhana hiyo potofu imekwisha kuchunguzwa. Mwaka 2012, Melissa Gross na Don Latham walionesha kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopata alama za chini katika jaribio la stadi hizo walijikadiria juu ya uwezo wao halisi. Sababu ni kwamba kuitambua taarifa dhaifu kunahitaji stadi ileile iliyokosekana. Asiyeliona pengo lake haoni haja ya kumwendea mkutubi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hasara huongezeka. Katalogi nyingi za maktaba hulinganisha neno kama lilivyoandikwa. Mtafutaji huweza kuweka nyota mwishoni mwa shina ili kukusanya maumbo mengine ya neno, mbinu inayokifaa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia: kufundisha, ufundishaji, mafundisho. Mwanafunzi anayetafuta "kufundisha" pekee huweza kuzikosa kazi zenye "ufundishaji" katika anwani, kisha akaandika katika tasnifu yake kwamba mada hiyo haijatafitiwa. Hapo kosa la utafutaji hugeuka dai la kitaaluma, na kazi za watangulizi husahauliwa.

Kwa hiyo, kuwatembeza wanafunzi wapya maktabani mara moja hakutoshi. Stadi hizi zifundishwe ndani ya kozi, mhadhiri na mkutubi wakishirikiana, na zitahiniwe: mwanafunzi aeleze maneno aliyoyatafuta, mahali alipoyatafuta na sababu ya kukiamini chanzo alichokichagua. Anayelazimika kutoa maelezo hayo huanza kuliona pengo lake mwenyewe, na hapo ndipo thamani ya stadi hizi inapomdhihirikia.