Kope la jicho, kamera ya simu na wingi wa damu

Katika kliniki za wajawazito za ukanda wa Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu, kipimo cha kwanza cha damu hakina sindano. Mkunga humwambia mama atazame juu, huvuta kope la chini kwa kidole gumba, kisha huangalia ngozi laini ya ndani. Ikiwa nyekundu, kazi inaendelea. Ikiwa imepauka, mama anapelekwa kupimwa wingi wa damu. Jicho la mkunga mzoefu hugundua upungufu mkali wa damu, lakini ule wa kati na mdogo humponyoka kirahisi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni asilimia 59. Huku kando ya Ghuba ya Speke visababishi vimerundikana: malaria, safura, kichocho, selimundu, na milo yenye madini ya chuma kidogo.

Simu janja zimefika hadi vijijini, kwa hiyo swali linakuja lenyewe: kwa nini kamera isilisome kope hilo na kutoa jibu kwa tarakimu?

Majirani zetu wameshalijaribu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakiongozwa na Young Kim, walishirikiana na wenzao wa Eldoret, Kenya, wakapiga picha za ndani ya kope za wagonjwa 153 waliokuwa wameandikiwa vipimo vya damu katika hospitali ya rufaa ya Moi. Picha za wagonjwa 138 zilitumika kuifundisha programu, na wale 15 waliobaki wakawa mtihani wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Optica: makadirio ya simu yalipishana na ya maabara kwa asilimia 5 hadi 10. Sehemu hiyo ya kope ilichaguliwa kwa sababu melanini yake, yaani rangi asili ya ngozi, ni kidogo mno na mishipa ya damu iko juujuu, hivyo weusi au weupe wa mgonjwa hauingilii kipimo.

Ni kazi ya kutia moyo, na ningependa sana kuiona Nassa. Ila kabla hatujaikabidhi simu uamuzi wa mkunga, tuelewe kwanza inavyoipata rangi, maana kamera haioni rangi kama tunavyodhani.

Kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, yaani kihisi, hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, basi. Hakijui kama mwanga huo ulikuwa mwekundu au wa kijani. Rangi inapatikana kwa sababu juu ya kila pikseli kuna kichujio kidogo, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili zina kichujio cha kijani, moja chekundu na moja cha bluu. Kila unachokiona kwenye picha, kuanzia kitenge hadi machweo ya ziwani, kimejengwa kwa tarakimu za vichujio hivyo vitatu.

Kwa picha za harusi zinatosha. Kwa damu hazitoshi. Himoglobini, kile kinachoipa damu wekundu, ikiwa imebeba oksijeni humeza mwanga wa kijani na manjano hasa mahali pawili, kwenye mawimbi yenye urefu wa nanomita 542 na nanomita 577, na kati ya hapo huacha mwanga mwingi zaidi upite. Ukichora mchoro wake unapata mabonde mawili na kilima katikati, na kina cha mabonde hayo ndicho kinachodokeza himoglobini ni nyingi kiasi gani. Lakini kichujio cha kijani cha simu ni kipana, hupokea mwanga kuanzia takriban nanomita 480 hadi 600. Mabonde yote mawili pamoja na kilima chake yanaingia humo na kutoka yakiwa tarakimu moja. Ni kama kuweka kwenye mizani gunia la pamba lililochanganywa safi na fifi, yaani ile ya daraja la chini: utajua kilo, hutajua fifi ni kiasi gani.

Kisha kuna mwanga wa chumbani. Taa nyeupe za LED zinazowashwa kwa sola zina bluu nyingi na wekundu haba kuliko jua. Chini ya mwembe mwanga una ukijani. Simu hujaribu kurekebisha tofauti hizo kwa kukisia, na njia mojawapo ya zamani ni kuchukulia kwamba picha nzima, kwa wastani, ni ya kijivu. Rangi inayozidi huhesabiwa kuwa kosa la taa. Sasa sogeza kamera hadi kope jekundu lijaze picha. Simu inakuta wekundu kila mahali, inadhani taa ndiyo nyekundu, inaupunguza. Kope lenye damu ya kutosha linatoka limepauka. Na kope lililopauka kweli, likipigwa picha mbele ya ukuta wa bluu, linaweza kuongezewa wekundu ambao halina. Hili la pili ndilo linalonitia hofu, kwa sababu mama huyo ataambiwa yuko salama.

Dawa yake iko kwenye vichujio. Badala ya vitatu vipana, vinawekwa vingi vyembamba, kila kimoja kikipitisha kipande chake kidogo cha mwanga. Si rangi ya kupaka tena: ni vioo viwili vyembamba mno vilivyopangwa juu ya pikseli, na uwazi kati yake, unaopimwa kwa nanomita, ndio unaoamua wimbi lipi lipite. Kampuni ya Spectricity ya Ubelgiji, iliyotokana na taasisi ya imec, inatengeneza vihisi vya namna hii vinavyoenea ndani ya simu. Mwaka 2024 Huawei ilitoa simu za Mate 70 zikiwa na kamera ya ziada ya vichujio vingi, kazi yake kuu ikiwa kusahihisha rangi. Kihisi kama hicho huweza kutambua taa iliyopo badala ya kuikisia.

Ugumu uko kwenye wembamba wa simu yenyewe. Kichujio chembamba hupitisha mwanga kidogo, na pikseli ya simu, yenye upana wa karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, tayari ina njaa ya mwanga. Tena vioo hivyo vina tabia yao: mwanga ukiingia kwa mshazari, wimbi linalopita huhamia upande wa bluu. Lenzi ya simu iko karibu mno na kihisi, hivyo pembeni mwa picha mwanga huingia kwa mshazari mkali, na rangi ileile inaweza kusomeka vingine katikati na vingine pembeni. Watengenezaji hulazimika kubuni lenzi na hesabu za kufidia kwa pamoja.

Watu wa Purdue walipita njia nyingine: waliacha vichujio vitatu vya kawaida na kuitumia hesabu kukisia mabonde yaliyopotea. Ni nafuu, na hilo si jambo dogo kwa zahanati zetu. Lakini vitu viwili vyenye mwanga tofauti vinaweza kutoa tarakimu tatu zilezile, na hapo hesabu hutegemea ilichofundishwa kwa watu wengine. Kichujio cha ziada hakikisii, kinapima. Ndiyo maana mashine ndogo ya HemoCue, inayopima tone la damu ya kidoleni, huaminika: inajiwashia mwanga wake na kuusoma kwenye mawimbi mawili yaliyochaguliwa, kwa aina mojawapo nanomita 570 na 880.

Na tukumbuke kwamba rangi za kamera hazikupangwa kwa ajili yetu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, huku nyuso za watu weusi zikitoka giza tupu.

Kwa hiyo programu ya kope ikija Busega, ijaribiwe kwa macho ya hapa. Mama anayepikia kuni au kubanika samaki ana macho yaliyowiva kwa moshi, na wekundu huo wa uvimbe unaweza kuficha damu iliyopungua, hata mbele ya kamera yenye vichujio vingi. Ipigwe picha ya kope lake mchana kivulini, kadi ya kijivu ya kulinganishia rangi ikiwa pembeni yake na urembeshaji wa picha umezimwa, kisha jibu la simu lilinganishwe na tone la damu la mama huyohuyo, siku hiyohiyo.