TUUSAIDIE MFUPA UUNGE

Mkulima ameanguka kutoka juu ya mti, au pikipiki imemwangusha kwenye mteremko. Mfupa wa paja umevunjika. Katika milima yetu ya Usambara jambo hili si geni. Kutoka Mpale, mgonjwa huweza kupelekwa Hospitali ya Magunga mjini Korogwe. Akihitaji wataalamu zaidi, huweza kupelekwa Bombo, Tanga, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1996.

Huko hupasuliwa. Daktari huirudisha mifupa mahali pake na kuifunga kwa vyuma. Kisha mgonjwa hurudi nyumbani. Wengi hudhani kazi imekwisha. La, kazi ndiyo kwanza imeanza.

Mfupa huungaje?

Chuma hakiungi mfupa. Chuma hushika tu, kama miti inavyoshika ukuta wa nyumba mpaka udongo ukauke. Mwili wenyewe ndio unaounga. Kwanza, damu huganda mahali palipovunjika. Baada ya majuma mawili au matatu hivi, nyama laini hujijenga kati ya vipande. Polepole nyama hiyo hugeuka kuwa mfupa mgumu.

Mkono wa mtu mzima huchukua majuma 6 hivi, au zaidi. Paja huchukua miezi 3 au zaidi. Mifupa ya watoto huunga upesi. Hakuna dawa ya kuimaliza kazi hii kwa siku 10. Lakini yako mambo yanayoisaidia, na yako yanayoichelewesha.

Mgonjwa asilale kutwa

Zamani mtu aliyevunjika paja alilazwa hospitalini majuma mengi, mguu ukivutwa kwa uzito. Upasuaji una faida hii kubwa: mgonjwa huweza kuamka mapema. Lakini nyumbani twamhurumia na kumwambia, "Baba, wewe lala tu, usijisumbue." Huruma hiyo humdhuru. Misuli hunyauka. Magoti hukakamaa. Ngozi ya mgongoni hutoka vidonda. Damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Ikifika mapafuni, huweza kuua.

Basi mgonjwa aketi, achezeshe vidole, akunje na kunyosha viungo kama alivyofundishwa, na atembee kwa magongo akiruhusiwa. Anywe dawa za maumivu kama alivyoandikiwa, ili aweze kufanya mazoezi.

Kuukanyaga mguu ni jambo jingine. Wengine huruhusiwa baada ya siku chache. Wengine hungoja majuma mengi. Hutegemea mfupa ulivyovunjika na ulivyofungwa. Kwa hiyo, kabla ya kutoka hospitali, uliza:

1. Niukanyage mguu lini, na kwa kiasi gani?
2. Nifanye mazoezi gani?
3. Nirudi kliniki lini?

Majibu yaandikwe kwenye daftari. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotufaa.

Chakula na kidonda

Ugali mtupu haujengi mfupa. Mgonjwa apewe maharage, kunde, mayai, maziwa, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Apate pia mchicha, machungwa au mapera. Aote jua. Asivute sigara, kwani moshi wake hupunguza damu inayofika kwenye mfupa. Aache pombe, isije ikamwangusha tena.

Kidonda kiwe safi na kikavu. Tusikipake majani, mafuta wala majivu. Mahali palipovunjika pasikandwe. Mwenye plasta, au hogo kama wengi waitavyo, asiiloweshe wala asiingize kijiti ndani kujikuna. Dawa za kuua vijidudu zimalizwe zote, hata kama maumivu yamepungua.

Dalili za hatari

Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo ukiona dalili mojawapo kati ya hizi: homa, usaha au harufu mbaya, vidole vya baridi, vilivyobadilika rangi au vyenye ganzi, maumivu yanayozidi, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida.

Kazi ya majirani

Mvua zikianza, mkulima huona shamba lake linaota magugu. Hutupa magongo, hushika jembe. Mfupa haujaunga bado. Chuma hupinda au hukatika, naye hurudi kupasuliwa mara ya pili. Wengine hubaki na kilema.

Tusimlaumu tu. Ana watoto wa kulisha. Majirani wakimlimia msimu mmoja, na ndugu wakachangia nauli ya kliniki, wamemtibu kweli. Daktari amefunga vyuma. Mwili utaunga mfupa. Nasi tumpe mwenzetu muda.

Maswali ya kujadiliana

1. Chuma kina kazi gani katika mfupa uliovunjika?
2. Kwa nini kulala kutwa ni hatari?
3. Katika kijiji chetu, nani atalima shamba la mtu aliyevunjika mguu?