KITABU KIMOJA, WASOMAJI WENGI
Jinsi ya kuanzisha na kuendesha kikundi cha kusoma kijijini



Vikundi vya Kitui na Makueni vimefanya kazi nyingi kwa mwethya. Mmechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, mmejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu, mmefuga mbuzi na nyuki, na mnachanga pesa za meri-go-raundi bila kukosa. Leo tunataka tuongee juu ya kazi nyingine, isiyohitaji jembe wala saruji. Kazi hiyo ni kusoma kitabu pamoja na kukizungumzia.

Wengine watauliza, "Sasa hiyo nayo ni maendeleo? Kitabu kitatuletea maji?" Ni swali zuri. Tulijibu kwanza.

KWA NINI TUSOME PAMOJA?

Tunapotembelea vikundi tunaona jambo moja mara kwa mara. Kikundi kina watu ishirini, lakini wanaoshika kalamu ni wawili tu, katibu na mweka hazina. Fomu ya mkopo ikija, hao wawili wanaisoma. Wengine wanatia sahihi au kidole gumba. Katiba ya kikundi iko ndani ya faili na wenye kikundi hawajui inasema nini. Kukiwa na amani hakuna anayejali. Lakini siku pesa zikipotea, au siku mtu akileta karatasi za kuuza shamba na kusema "weka kidole hapa", ndipo hasara inapoonekana.

Na wengi wa watu hawa walikwenda shule. Walimaliza darasa la saba au la nane, wakarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hawakupata cha kusoma. Kusoma ni kama panga: lisiponolewa linashika kutu. Mtu aliyekaa miaka ishirini bila kufungua kitabu anaona haya kukishika mbele ya watu. Anasema, "Nimesahau miwani." Haya hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Darasa la gumbaru linafundisha herufi, na hiyo ni kazi njema sana. Lakini ukishajua herufi unahitaji sababu ya kuzitumia. Hadithi nzuri inatoa sababu hiyo. Mtu akitaka kujua yule msichana wa kitabuni aliponea wapi, atajikaza kusoma ukurasa unaofuata hata kama hakuna mwalimu.

WALIOTUTANGULIA

Kukaa pamoja na kusikiliza hadithi ni jambo la kwetu. Susu zetu walitoa ngewa jioni karibu na moto, na watoto wakauliza maswali. John Mbiti, mwana wa Mulango hapa Kitui, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki 2019, aliandika kitabu cha Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1954. Tena alikusanya hadithi za Wakamba, nazo zikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 kwa jina Akamba Stories. Yaani yale ya pale motoni yaliweza kuingia kitabuni. Sisi tunaweza kuyatoa kitabuni tuyarudishe kwa watu.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya jambo kubwa mwaka 1973. Kampeni yao iliitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa majuma 12. Kila juma walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu na kiongozi wa kikundi, halafu wakajadiliana: "Hapa kwetu hali ikoje? Tutafanya nini?" Baada ya hapo walichimba vyoo na kusafisha visima. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, kwa sababu kijitabu kilisomwa kwa sauti. Mwaka 1975 walifanya tena, safari hii juu ya lishe, kwa jina Chakula ni Uhai.

Hapa Kenya tuna mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Ilitolewa mwaka 1980, na kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani. Ngũgĩ mwenyewe alieleza baadaye jinsi ilivyosomwa. Familia zilikusanyika jioni, mmoja anayejua kusoma akawasomea wote. Wafanyakazi walikutana saa ya chakula cha mchana, mmoja akasoma. Hata kwenye baa kulikuwa na wasomaji. Msomaji alifika mahali patamu, glasi yake ikawa tupu, akanyamaza. Wasikilizaji wakalazimika kumnunulia nyingine ili aendelee!

Hatuwaambii mwende baa. Lakini tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kitabu kimoja kinatosha watu wengi kikisomwa kwa sauti. Pili, simamisheni kusoma pale hadithi inapokuwa moto. Juma lijalo watu watakuja mapema.

HATUA ZA KUANZA

1. Anzeni na watu mlio nao. Kikundi chenu cha akiba au cha kina mama kinatosha. Watu 8 hadi 15 ni idadi nzuri. Wakizidi hapo, wengine hawatapata nafasi ya kusema. Kama mtataka kujisajili kama kikundi kipya, Sheria ya Kusajili Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama angalau 10. Lakini kusoma tu hakuhitaji cheti. Msingoje cheti.

2. Chagueni wakati unaofaa. Mvua ikinyesha watu wako shambani, na ni haki yao. Anzeni wakati wa kiangazi. Kitabu kikianza mwanzo wa Julai, mkikutana mara moja kwa juma na kusoma kurasa 10 kila kikao, kitabu cha kurasa 150 kinaisha kwa vikao 15, kabla ya mvua za Novemba. Kutaneni siku ambayo tayari mnakutana, baada ya mchango. Msiongeze safari nyingine kwa mama ambaye tayari anatembea mbali kuteka maji.

3. Tafuteni kitabu bila kununua kwanza. Pitieni nyumba zilizo na vijana waliomaliza Form Four. Chini ya kitanda mtapata vitabu vya fasihi ambavyo havitahiniwi tena: Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea vya Ken Walibora, Utengano cha Said Ahmed Mohamed, Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Kwa vile kila mwanafunzi alipaswa kuwa na chake, huenda mkapata nakala tano za kitabu kimoja katika kijiji kimoja. Walio karibu na maktaba ya umma, kama ile ya Mwingi au ya Kinyambu, waende waulize masharti ya kuazima. Ulizeni pia shule iliyo karibu na ofisi ya parokia.

4. Chagueni kitabu chenye jambo la kwenu. Siku Njema ni juu ya kijana anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake. Utengano ni juu ya baba aliyemfungia binti yake ndani, na yaliyofuata. Kidagaa Kimemwozea kinahusu mtawala anayetumia cheo chake vibaya. Shujaa Okonkwo, ambacho ni kile kitabu cha Chinua Achebe kwa Kiswahili, kinahusu mila na mageuzi. Someni kurasa mbili za vitabu vitatu, halafu pigeni kura. Mwenyekiti asichague peke yake.

5. Gawaneni kazi. Mnahitaji watu watatu. Msomaji anasoma kwa sauti, polepole, na kazi hii ibadilishwe kila kikao. Mwongozaji anauliza maswali na kuangalia kwamba kila mtu amesema. Mtunza vitabu anaandika kitabu kimekwenda kwa nani na kitarudi lini.

KIKAO CHENYEWE

Saa moja na nusu inatosha. Dakika kumi za kwanza, mtu mmoja akumbushe mlipofikia. Hii inasaidia aliyekosa kikao kilichopita. Halafu nusu saa ya kusoma kwa sauti. Akina mama waendelee kusuka viondo vyao, masikio yanasikia. Wenye nakala wafuate kwa kidole, wawili wawili, mzoefu akikaa na asiye mzoefu. Halafu dakika arobaini za kuzungumza. Zinazobaki ni za kupanga juma lijalo na kukusanya vitabu.

Kwenye mazungumzo, mwongozaji asiulize, "Ni nani aliyesema hivi katika ukurasa wa 20?" Huo ni mtihani, na watu walishachoka na mitihani. Aulize hivi:

- Ni jambo gani limekugusa katika sehemu hii?
- Huyu mtu alifanya vizuri au vibaya? Wewe ungefanya nini?
- Je, jambo kama hili liko hapa kwetu?

Lugha isiwe kizuizi. Kitabu kikiwa cha Kiswahili, watu waongee Kikamba wakitaka. Neno gumu likitokea, msomaji asimame mtu alieleze.

MAGONJWA MATATU YANAYOUA KIKUNDI CHA KUSOMA

La kwanza ni mmoja kuongea peke yake. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, au sisi wafanyakazi wa maendeleo tukija kuwatembelea. Dawa yake: kila mtu aongee mara moja kabla ya yeyote kuongea mara ya pili. Mwongozaji awe na heshima lakini awe imara: "Asante mwalimu, tumekusikia. Susu, wewe unaonaje?" Mtashangaa. Susu asiyejua hata herufi moja ana mengi ya kusema juu ya baba mkali au shamba lililouzwa, kwa sababu ameyaishi.

La pili ni aibu. Msimlazimishe mtu yeyote kusoma kwa sauti. Anayetaka kujaribu asome sentensi mbili tu, na akikwama, jirani amnong'oneze neno bila kucheka. Mkicheka mara moja, mtu huyo hatarudi, na ndiye mliyemhitaji zaidi. Kicheko kiwe cha hadithi, kisiwe cha msomaji. Andikeni jambo hili katika kanuni zenu, liwe la kwanza.

Pia kuna yale yanayosemwa kikaoni. Mkisoma juu ya mume anayepiga, huenda mama mmoja akaanza kueleza ya nyumbani kwake. Kubalianeni tangu mwanzo: linalosemwa hapa libaki hapa. Likipelekwa sokoni, kikundi kimekwisha.

La tatu ni vitabu kupotea. Wengi wanaoficha kitabu si wezi, ni vile tu hakuna aliyewauliza. Kwa hivyo uwe na daftari lenye safu nne: jina la kitabu, jina la mtu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Lisomwe mbele ya wote kila kikao, kama mnavyosoma hesabu ya pesa. Majuma mawili yanatosha kukaa na kitabu. Anayepoteza alete kingine, au alipe kidogo kidogo.

KUTUNZA VITABU

Mchwa wetu hawachagui, wanakula mlango na kitabu pia. Wekeni vitabu kwenye sanduku la bati lenye kufuli, juu ya mawe au meza, mbali na ukuta wa udongo. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya sanduku husaidia kufukuza wadudu. Funikeni kila kitabu kwa karatasi ya kaki au ya gazeti. Sanduku likae kwa mtunza vitabu, lakini ufunguo wa pili uwe kwa mwingine.

BAADA YA KITABU CHA KWANZA

Mkimaliza, fanyeni sherehe ndogo ya chai na mahindi. Waalikeni waume, wake na watoto, na mwanakikundi mmoja awasimulie hadithi yote. Halafu chagueni kitabu cha pili.

Sisi tunapendekeza jambo moja. Kabla ya riwaya ya pili, chukueni katiba ya kikundi chenu. Isomeni kwa sauti, kurasa zote, kwa mtindo ule ule: msomaji, maswali, kila mtu aseme. Ulizeni, "Hapa inasema nini? Je, ndivyo tunavyofanya?" Watu waliozoea kumhoji mtawala wa kitabuni hawataogopa kuuliza hesabu ya akiba yao. Na siku ile mtu akija na karatasi na kusema "weka kidole hapa", kutakuwa na watu kumi na wawili wa kumwambia, "Ngoja kwanza tuisome."

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu ni nani wanaosoma karatasi za kikundi? Wengine wanazijua?
2. Ni vitabu gani viko katika nyumba zetu sasa hivi? Kila mtu akatazame na kuleta majina kikao kijacho.
3. Ni siku gani tunayokutana tayari ambapo tunaweza kuongeza saa moja na nusu?
4. Nani atakuwa mtunza vitabu wetu, na sanduku litakaa wapi?

Mkianza, tuandikieni mtuambie mlisoma kitabu gani na mlibishana juu ya nini. Tutafurahi kuwashirikisha wengine. Haba na haba hujaza kibaba.